Kibuyu Kisichovunjika

Ukitaka kumjua Taprandich, mwulize namna ya kusafisha kibuyu cha maziwa, halafu tafuta kiti, maana hutaondoka karibuni. Mimi ni jirani yake. Kati yetu kuna ua wa kayaba na mistari michache ya majani chai, na sauti yake nimeisikia maishani zaidi kuliko ya mume wangu. Ni mjane mwenye ng'ombe watatu na shamba dogo la chai kwenye mteremko wa juu ya Roret. Hapa sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, hata sisi ambao tungeweza kuwa wadogo zake.

Mursik yake ilikuwa na jina. Wageni huiita maziwa lala yenye majivu, na Kogo akisikia hivyo hununa siku nzima. Maziwa huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa kwenye kibuyu, ambacho sisi tunakiita sotet, yakakaa humo mpaka yakomae. Kazi yenyewe iko kwenye kukiandaa kibuyu. Unachukua kaa la moto la mti wa senetwet, unalitia ndani, unalisaga ukutani kwa sosiot, ule ufito wa mtende uliochanwa ncha kama brashi, mpaka ndani kote kuwe kweusi na kunukie moshi. Kogo alisema mtu asiyejua kusaga kaa asipewe ng'ombe. Alisema pia kwamba wake wa siku hizi wanawanywesha waume zao maziwa ya pakiti, ndiyo maana waume hao hawana nguvu ya kuchimba hata mtaro.

Nyumbani kwake kila mtu alikuwa na sotet yake, na sotet ya mtu haiguswi na mwingine. Ya marehemu mumewe bado ilining'inia ukutani, tupu, ikipakwa mafuta kila Krismasi. Kwa hiyo Winny, bintiye anayefanya kazi ya hoteli Nakuru, alipomleta Fancy akiwa na miaka mitatu na kumwacha, jambo la kwanza Kogo alilofanya ni kumtafutia mtoto kibuyu chake. Alikipata kidogo kizuri, akakivika shanga shingoni. Wiki haikuisha Fancy alikiangusha kwenye jiwe la mlangoni, kikapasuka. Mtoto alilia mpaka akatapika, na maziwa ya kikombe akayakataa.

Hapo ndipo anapoingia Kiptanui. Ana kibanda sokoni, anauza ndoo, sufuria, karai na kamba za ng'ombe. Ni mwenzetu, wa ukoo unaooana na wa kina Kogo. Anaijua mila, kwa hiyo alijua vizuri anachouza. Mwaka ule alileta vibuyu vya plastiki: umbo la sotet, rangi ya sotet, hata shanga zimechorwa shingoni. Ukikibonyeza kinabonyea, ukikiachilia kinarudi. Alikipiga chini mbele ya wateja, kikaruka juu.

"Hii haivunjiki, Kogo," alisema. "Hata huyu mtoto akipiga nayo mbuzi, mbuzi ndio itaumia."

Kogo alikibonyeza, akacheka. "Iko laini kama kiwele ya ng'ombe imetoka kukamuliwa," alisema, akakinunua. Fancy alirudi nyumbani amekikumbatia.

Sasa sikiliza kosa. Ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya, kwa sababu mtu wa kwingine angekisuuza kwa sabuni na maji, basi. Kogo alikitendea kile kitu kama sotet. Alikitia kaa la moto. Kilitoa moshi mweusi uliotutoa machozi mpaka huku kwangu. Akalitoa upesi kabla halijatoboa, akangoja lipoe kidogo, akalirudisha na kulisaga kwa sosiot, akiukwaruza ukuta wa ndani mpaka ukachubuka na kushika weusi. Harufu ya plastiki ikafunikwa na harufu ya senetwet. "Inazoea," aliniambia. Tena, kwa kuwa mkaa haukushika kwenye plastiki kama unavyoshika kwenye kibuyu, aliyamimina maziwa yakiwa bado moto, na malai yake yote, ati yauvute moshi ukutani. Alifanya hivyo juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka, kwa mjukuu aliyempenda kuliko macho yake. Laiti angekuwa mvivu. Nasema hivyo na sifanyi mzaha.

Fancy akakua. Alikua mpaka ikawa maneno. Akiwa na miaka saba alikuwa amewapita watoto wote wa rika lake pande hizi, na shuleni walimsimamisha nyuma kwenye paredi pamoja na wasichana wa madarasa ya juu. Msumari wa kibuyu chake ulikuwa juu kwenye nguzo ya jikoni. Siku alipoufikia bila kupanda kigoda, Kogo alituita sisi majirani tuje tuone. Tulikuja, tukaona, tukasifu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, tulisema. Wanawake wenye watoto wadogo wadogo walianza kuuliza Kogo anampa nini huyu mtoto, na Kogo akawa anajibu bila haya kwamba siri ni maziwa na mkono.

Fancy alipokaribia kutimiza miaka minane, Kogo alikuwa anamwogesha akahisi kitu kigumu chini ya chuchu. Alidhani ni nyuki amemuuma. Akamkanda kwa maji ya chumvi. Cha pili kikatokea upande wa pili, na kabla ya mvua za masika kuisha mtoto wa gredi ya pili alikuwa na matiti yanayoonekana kwenye sare. Kogo alikuja uani kwangu, akasimama na jembe mkononi. Nilijua tayari. Kijiji kizima kilijua.

Hakuna mtu aliyesema hospitali. Sote tulikuwa na jibu rahisi zaidi: kuna mwanaume aliyemgusa. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Wanawake wa ushirika wa kanisa walikuja kuomba naye, wakanywa chai, wakala mkate, wakafumba macho wakaomba kirefu, kisha wakafumbua macho na kuuliza nani analala katika boma hili.

Alikuwa analala Kipkemoi. Mtu mwenye mvi, mkamuaji wa ng'ombe wa Kogo tangu mumewe angali hai, ambaye chumba chake kilikuwa stoo ya kando ya zizi. Alikuwa mpole, mchache wa maneno, na hakuwa na mke. Kwa wenye akili za namna ile, hayo matatu yalitosha.

Winny alipanda gari akaja kutoka Nakuru. Nilisikia yote, kwa sababu alitaka tusikie. Alimwuliza mtoto ni nani. Fancy akasema hakuna mtu. Akamwuliza tena, akamwuliza amemshika begani. Mwishowe mtoto akamtazama mamake, amechoka, akamwuliza, "Mum, unataka niseme nani?"

Wakati huohuo Kipkemoi alikuwa anapita mlangoni na ndoo ya maziwa. Winny akainua kichwa akamwona, na kesi ikaisha hapo. Winny na waliokuwepo walilitupa nje blanketi la Kipkemoi na redio yake. Kipkemoi hakupiga kelele. Alimgeukia Kogo, akasema, "Kogo, wewe unanijua."

Kogo alitazama ng'ombe. Kipkemoi akaokota blanketi, redio akaiacha kwenye matope, akaenda Londiani kulima viazi kwa watu. Siku hiyo nilimchukia kila mtu aliyekuwa katika boma lile, isipokuwa mtoto na ng'ombe.

Kipkemoi akaondoka, na matiti hayakuondoka. Hilo halikumshangaza mtu. Wakasema madhara yameshafanyika. Mwaka ukapita hivyo, watu wakimlinda mtoto dhidi ya wanaume, wakimfunga leso kifuani, wakimkataza kucheza na wavulana, wakimsemesha kama mke wa mtu. Alikuwa bado anaongea na mwanasesere wake wa gunzi la mahindi, lakini sasa alijificha nyuma ya zizi kufanya hivyo.

Akiwa na miaka tisa alivunja ungo darasani. Alidhani anakufa. Mwalimu alimrudisha nyumbani amefungwa sweta kiunoni, na siku iliyofuata Kogo alisema tunakwenda Kaplong, kwa hospitali ya misheni. Nilikwenda nao kwa sababu Kiswahili cha Kogo kikiona koti jeupe hukimbia.

Daktari alikuwa mama mmoja kijana, Daktari Nyathira. Alitutoa nje akaongea na Fancy peke yake kwa muda mrefu, akampima, akaagiza picha ya mkono na baadaye ya kichwa. Tuliporudi kwa majibu, alianza na lile tulilolibeba sote kifuani.

"Hakuna mtu amemgusa huyu mtoto," alisema. "Na hata angeguswa, mwanaume haoteshi mtoto matiti. Nani aliwaambia hivyo?"

Nilimfasiria Kogo. Alishika ukingo wa meza.

Daktari aliinua picha ya mkono kwenye mwanga. Alisema mwili wa mtoto una saa yake, na saa ya Fancy imekimbia. Ana miaka tisa lakini mifupa yake ni ya msichana wa miaka kumi na tatu. Ule urefu tuliousifu ulikuwa mbio hizo. Sasa ncha za mifupa zinafunga, na zikishafunga, basi. "Aliwatangulia wenzake," alisema. "Sasa ataanza kusimama, na wao watampita."

"Dawa iko?" Kogo aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Kuna sindano za kuisimamisha hiyo saa. Lakini zinafaa zikianza mapema. Sasa amefika mbali, Kogo, zitamsaidia kidogo sana, pengine zisimsaidie. Mngekuja matiti yalipoanza tu, mwaka jana."

Mwaka jana tulikuwa tunamfukuza Kipkemoi. Nilitafuta namna ya kulifasiri hilo lisiume, nikakosa, nikalisema lilivyo.

Halafu daktari akauliza mtoto anakula nini, anapakwa nini, anakunywea nini. Picha ya kichwa ilikuwa safi, haina uvimbe, alisema, na katika ukoo hakuna aliyewahi kuwa hivi, kwa hiyo anauliza kila kitu. Kogo alieleza kibuyu. Alikieleza kwa fahari kidogo, tabia haimwachi mtu: kaa, sosiot, maziwa moto. Daktari aliacha kuandika.

"Plastiki yenyewe huwa ngumu," alisema polepole, akiniangalia ili nifasiri vizuri. "Wakitaka iwe laini, wanaichanganya na kemikali ya kulainisha. Hiyo kemikali haishikani nayo kabisa. Inatoka. Joto linaitoa, mafuta yanaitoa, na ukikwaruza ndani unaifungulia mlango. Ikiingia mwilini inaweza kuchanganya homoni, na mtoto ndiye homoni zake ni rahisi kuchanganywa. Wengine hawakui vizuri, wengine wanakua kabla ya wakati."

"Kwa hivyo ni hiyo kibuyu," nilisema.

"Siwezi kuapa. Kuna wasichana wanaokuwa hivi na hatujui kwa nini. Wataalamu bado wanabishana, wengine wameona inahusika, wengine hawajaona. Kwa mtoto mmoja, sina kipimo cha kuniambia. Na plastiki iko kila mahali, si kibuyu tu. Nikikwambia ni hiyo nitakuwa nimekudanganya. Nikikwambia siyo, pia nitakuwa nimekudanganya."

Kogo alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. "Mwulize," aliniambia, "nikilala usiku nimlaumu nani."

Nilimwuliza. Daktari Nyathira alisema hilo hata yeye hawezi kumjibu. Nilimpenda kwa hilo, ingawa halikutusaidia kitu.

Tuliporudi, Kogo alikwenda moja kwa moja jikoni, akakitungua kibuyu msumarini. Kitu unachokishika kila siku hukioni kikibadilika. Alikibonyeza kwa vidole viwili, hakikubonyea. Akakibonyeza kwa viganja vyote, kikalia, kikapasuka shingoni kama ganda la yai. Alikaa kwenye kigoda nacho mapajani. "Ilikuwa laini," alisema. "Wewe si uliona, ilikuwa laini." Nikasema niliona. Sote wawili tulikuwa tumeshafika pale daktari alipokataa kutufikisha.

Hakukitupa. Alikirudisha msumarini na ufa wake.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akaomba nafasi, akasema mbele ya wote kwamba Kipkemoi hakumgusa mjukuu wake, na kwamba yeye alijua hivyo hata siku ile alipotazama pembeni. Watu wakasema amina. Kisha wakageuka kumtazama Fancy kifuani, kila mmoja kwa zamu yake. Kogo alituma ujumbe Londiani kumwomba Kipkemoi arudi. Jibu lilikuja kwa mdomo wa mtu wa viazi: mwambieni huku pia kuna ng'ombe, na wananijua.

Miaka minne sasa. Winny anatuma nguo, na kila mara zinakuja kubwa, kwa sababu ananunua kwa kukisia umri. Fancy alisimama kukua kama daktari alivyosema. Kwanza rafiki zake walimfikia, akafurahi kwamba amepata wenzake. Halafu wakampita mmoja mmoja. Kwenye paredi wamemtoa nyuma, wamemweka mbele. Msumari uko palepale kwenye nguzo, na anaufikia vilevile alivyoufikia akiwa na miaka tisa. Ana mwili wa mwanamke mzima uliokatwa mfupi, na wavulana wa sokoni wana jina wanalomwita, ambalo sitaliandika. Hasira yake ni ya kimya. Anachuna majani haraka kuliko mimi, anashika namba ya kwanza darasani, na hanywi maziwa ya mtu yeyote, hata kwenye chai.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, Kogo alimwona mtoto wa mtu, wa miaka miwili hivi, ameketi kwenye nyasi ananyonya mdomo wa kibuyu cha plastiki. Kipya. Mtoto alikibonyeza, kikabonyea. Kogo alimsemesha mama yake, na mama yake akacheka kwa heshima, akasema, "Lakini Kogo, si wewe ndio ulileta hii mtindo?"

Siku ya soko alikitungua kile chake chenye ufa, akakifunga kwa leso, akaniita, akamwita Fancy. Hakusema tunakwenda kufanya nini.

Kiptanui amenenepa, na kibanda kimekuwa duka lenye mlango wa chuma. Vibuyu vilining'inia mbele, safu nzima, kila kimoja kwa msumari wake. Ndoo zimefungwa kwa kamba juu. Wateja walikuwepo.

"Chamgei, Kogo. Umepotea sana."

Kogo hakuitikia salamu. Aliifungua leso, akakiweka kibuyu mezani. "Hii ulisema haivunjiki."

Kiptanui alikigeuza, akaona ufa, akaona weusi wa ndani. Hakukasirika. "Lakini Kogo, hii umekaa nayo miaka ngapi? Plastiki ikizeeka inakauka. Chukua ingine. Sitaki kitu, wewe ni mama yangu." Akatungua kimoja, akamtilia mikononi.

Kogo alikibonyeza. Kikabonyea, kikarudi.

"Hiyo yangu ilikuwa laini hivi," alisema. "Saa hii ni mfupa. Ile ulaini imeenda wapi?"

"Ulaini gani sasa?"

"Ile ulaini. Imeenda wapi?"

"Inaenda tu, Kogo. Kama maji kwa nguo ukianika. Inapotea kwa hewa."

"Nguo iko wazi. Hii ilikuwa imefungwa mdomo, na maziwa iko ndani."

Wateja walikuwa wamesogea karibu. Kiptanui alicheka kidogo, akawatazama, akafuta meza iliyokuwa safi. "Hayo ni maneno ya wasomi, Kogo. Mimi nauza tu. Hata wangu nyumbani wanakunywa na hii." Alilisema bila kusita, nikamwamini, na nikatamani angekuwa mwongo. Kisha akatafuta neno la kupoza mambo, kama afanyavyo mtu wa biashara. "Na yule msichana yako mrefu yuko wapi? Yule alikuwa anasimama hapo anagusa kamba ya ndoo, tunacheka. Siku hizi lazima anainama akiingia nyumba."

Fancy alikuwa amesimama kando ya karai, mbele yake kabisa.

"Ni mimi," alisema.

Kiptanui alimtazama. Akainua macho mpaka kwenye kamba ya ndoo, akayashusha tena mpaka kichwani kwa msichana. Kisha Kiptanui akanyoosha mkono, akakichukua kile kibuyu kipya mikononi mwa Kogo kwa upole, akakifuta alama za vidole kwa kitambaa, akakirudisha msumarini pamoja na vingine.